Vitufe vya Bi Shubaka

Meza ya Bi Shubaka nilipewa mimi. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitaliruka, na habari zake bila hilo hazitakuwa za kweli.

Ilikuwa meza ya kwanza ukiingia masjala ya ofisi yetu ya ardhi, karibu na dirisha la kupokea watu. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa wa mashubaka ya mbao, safu kumi na mbili, kila safu mashubaka thelathini, na ndani yake majalada ya viwanja vyote vya mji. Jina lake alilipata hapo. Mtu akija na namba ya kiwanja, sisi wengine tulikuwa tunafungua daftari kubwa na kuanza kupekua. Yeye alikuwa anainua shingo kidogo, kama mtu aliyesikia kitu nje, kisha anasema, "Safu ya nne, shubaka la kumi na mbili, la tatu kutoka chini." Unakwenda, unalikuta. Wapima ardhi walikuwa wakimtania kwamba siku akifa wataomba kichwa chake kibaki ofisini. "Kichwa bakini nacho," alikuwa akiwajibu, "mdomo nitaondoka nao. Tuone kitawasaidia nini."

Macho yalianza kumtupa mkono akiwa na miaka arobaini na miwili. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula pembeni kwanza na kuja katikati polepole. Alituficha mwaka mzima, na aliweza kutuficha kwa sababu masjala ile yote alikuwa nayo kichwani. Tuligundua siku Mkuu wa ofisi alipopita karibu na meza yake, naye akamwambia bila kuinua uso, "Leo chai yangu usitie sukari." Alidhani ni Tarishi. Mkuu alicheka, sote tukacheka. Kisha Mkuu akaacha kucheka, akainama kumtazama usoni, na yeye akawa anatazama mahali Mkuu alipokuwa amesimama mwanzo.

Hospitali walimfanyia upasuaji, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Alikaa likizo, akapelekwa kituo cha mafunzo miezi mitatu, akafundishwa kutembea na fimbo nyeupe, kupiga chapa kwa vidole vyote kumi, na kutumia kompyuta yenye kisoma-skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Alirudi kazini asubuhi ya Jumatatu amevaa vizuri, dada yake mkubwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye meza yake wiki ya sita sasa. Nilisimama. Mkuu akanionyesha kwa mkono nikae, akampitisha hadi mwisho wa korido.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye ugumu. Mtu mbaya unagombana naye, mambo yanajulikana. Yeye alikuwa mwema kupita kiasi. Alimpa chumba kilichokuwa stoo ya karatasi na vifaa vya usafi, chenye kidirisha kimoja juu karibu na dari. Ndani akamwekea meza, kiti chenye mto, na kompyuta.

"Hapa ni kwako, dada yangu," alimwambia. "Utulie. Mshahara wako uko palepale. Hakuna atakayekusumbua."

"Na kazi yangu itakuwa ipi, Mkuu?"

"Kazi yako ni kupona."

"Mimi siumwi. Mimi sioni."

"Ndiyo hivyohivyo," Mkuu akasema kwa upole, akafunga mlango taratibu kama anayetoka wodini.

Siku ile, tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, aliyeingia ni Tarishi na kikombe cha chai. Siku ya pili vilevile. Wiki vilevile. Nyumbani nako dada yake alikuwa amehamia kumtunza. Alimkatia nyama kwenye sahani, alimchagulia nguo, na wageni wakiuliza hali yake alijibu yeye: "Anaendelea vizuri, tunashukuru," na mwenyewe yuko palepale na mdomo wake. Aliniambia baadaye kwamba katika miezi ile alikuwa hana mahali anapogusa kitu bila mtu kumwambia "acha, nitakufanyia." Mahali pekee ambapo hakuna aliyemzuia kugusa ni ile kibodi, kwa kuwa hakuna aliyejua aizuie vipi.

Wakati huo majalada yote yalikuwa yamekwisha kupigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na programu ya kutafutia, yenye picha na rangi, unabonyeza kwa kipanya. Kwake ile programu ilikuwa inasema "kitufe, kitufe, picha, kitufe," basi. Akaamua kuingia mwenyewe kwenye folda. Huko kila faili lilianza na maneno yaleyale: OFISI-YA-ARDHI-MASJALA-KUU-KIWANJA, ndipo namba ije mwishoni. Sauti ya mashine ilikuwa inasoma Kiswahili kama mgeni aliyelazimishwa, na ili asikie namba moja ilibidi avumilie maneno yote yanayoitangulia. Mafaili yalikuwa elfu nne na zaidi. Mshale chini, sikiliza. Mshale chini, sikiliza. Asubuhi nzima alisikia mafaili mia mbili.

Mkuu akamletea fundi wa kompyuta. Kijana alisimama nyuma yake, akasema, "Bonyeza hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapahapa ninapoonyesha."

"Mwanangu," Bi Shubaka akamuuliza, "unamwonyesha nani?"

Fundi aliondoka akisema mashine ni nzima.

Aliyemtoa hapo alikuwa mtu ambaye hakuwa amewahi kukutana naye. Siku moja alipiga simu hospitali kuulizia zamu yake ya kliniki, na aliyepokea, opereta wa simu wa pale, alimwambia asubiri kidogo. Katika kusubiri alisikia nyuma ya simu sauti inayotiririka kwa kasi ya mvua ya mawe juu ya bati.

"Samahani, kaka," akauliza, "hiyo ni redio imeharibika?"

"Hiyo ni kompyuta yangu inanisomea orodha ya madaktari."

"Nawe unaielewa?"

"Dada, wewe ulipokuwa na macho ulikuwa unasoma herufi moja moja?"

Opereta alikuwa haoni tangu kuzaliwa, na alikuwa na utani kama wa mtu aliyekaa sana na simu. Tangu siku ile walikuwa wakipigiana kila asubuhi kabla wagonjwa hawajaanza kupiga. Ndiye aliyemwambia aachane na madirisha ya picha, aingie kwenye dirisha la maandishi matupu, linaloitwa terminali, ambalo mafundi hulitumia. Humo kuna programu ya bure ya kupangia mafaili. "Hakuna picha wala kipanya. Ni maneno tu, na maneno sisi tunayamudu," alisema. "Uzuri wake ni kwamba kila kitufe unakipa kazi unayotaka wewe."

Asubuhi moja akaiweka, simu ameibana begani, Opereta akimsomea amri neno kwa neno. Ikafunguka. Kisha hospitali ikawaka simu, Opereta akakata, naye akabaki peke yake.

Programu ile, kama ilivyotoka kiwandani, inagawa skrini pande mbili na kuchora mistari katikati. Sauti ikawa inasoma, "Mstari wima, OFISI-YA-ARDHI, mstari wima, mstari wima, OFISI-YA-ARDHI," upande wa kushoto na wa kulia umekorogwa pamoja kama uji na mchanga. Akataka kutoka. Kitufe cha kutokea alikuwa ameambiwa ni F10. Akakibonyeza, lakini F10 hiyohiyo dirisha la terminali lilikuwa limejichukulia kwa ajili ya menyu yake. Akajaribu kingine, kisoma-skrini kikakidaka kwa kazi yake. Akajaribu cha tatu, cha nne. Mashine ikanyamaza.

Wewe unayeona, mashine ikinyamaza unaitazama. Kwake yeye kimya kile kilikuwa hakina uso. Angejuaje kama imelala, imekufa, au inamsubiri? Na hapo akakumbuka kwamba miongoni mwa vitufe alivyopapasa, kimoja kilikuwa F8, na F8 ndicho cha kufuta. Huenda mashine ilikuwa imemuuliza, "Nifute?" na inangoja jibu. Huenda alama ilikuwa juu ya "ndiyo." Basi kitufe chochote ambacho angegusa kingeweza kuwa ndiyo hiyo, na ndani ya folda ile kulikuwa na viwanja vya watu. Akaondoa mikono juu ya kibodi, akaiweka mapajani. Ilikuwa saa nne.

Tarishi alipoleta chai akamwomba amsomee skrini. Tarishi alikuwa ameacha miwani nyumbani. Akamtuma aje aniite mimi.

Alikuja dirishani, akaninong'oneza. Nilikuwa na watu. Nikasema, "Nakuja." Nilifika saa nane.

Nilimkuta ameketi vilevile, mikono mapajani, chai imetanda utando juu. Hakuwa amesogea kwa saa nne. Skrini ilikuwa inauliza kama ifute folda nzima yenye mafaili mia mbili na kumi na mawili, na alama ilikuwa imekaa juu ya "ndiyo." Nikaisogeza kwenye "hapana," nikabonyeza. Nikamwambia.

Alishusha pumzi. "Ahsante, mdogo wangu. Nilidhani huji."

"Kulikuwa na watu, dada."

"Najua," akasema. "Niliwasikia wakiondoka."

Kesho yake Opereta alipopata habari alicheka hadi akakohoa. "Si ungechomoa waya tu!"

"Sasa ndiyo waniambia?"

"Haya, kosa langu. Tumeanza kazi mkiani. Mtu kwanza anaweka njia ya kutoka. Pili, njia ya kujua yuko wapi. Tatu ndipo afanye kazi."

Mipangilio ya programu ile imeandikwa katika faili la kawaida. Kila mstari una jina la kitufe na kazi yake, na ukiubadilisha mstari, kitufe kinabadilika. Bi Shubaka aliandika mstari wa kwanza siku hiyohiyo. Vitufe vya kiwandani vilikuwa vimefuata herufi za lugha nyingine, yeye akavipanga kwa Kiswahili. Alt na K: kutoka. Alt na W: wapi. Ukibonyeza W, sauti inakutajia folda uliyomo na faili ulilosimama juu yake, la ngapi kati ya mangapi, kisha inanyamaza. N akaipa nakili, H hamisha, T tafuta.

Lakini haikuwa kuandika na kumaliza. H ikawa inafungua menyu ya msaada ya dirisha, msaada ambao haukumsaidia mtu. T nayo ilikuwa na mwenyewe. "Kitufe ni kimoja, wenye nyumba ni watatu," aliniambia. "Kuna dirisha, kuna kisoma-skrini, kuna programu yenyewe. Lazima uwaombe wote ruhusa, na mmoja akikataa, hakuna anayekwambia nani kakataa." Siku mbili nzima programu iligoma kufunguka kabisa, na tatizo lilikuwa mkato mmoja alioweka mahali pasipotakiwa. Aliusaka kwa masikio, mstari baada ya mstari, akiiamuru sauti itaje kila alama.

Kufuta kulimpa taabu zaidi. F ndiyo herufi yake kwa haki, lakini F na J ndizo zenye vinundu vidogo ambavyo vidole vya asiyeona hukaa juu yake siku nzima. "Kufuta niikabidhi F?" alisema. "Hiyo ni sawa na kumlaza mtoto ukingoni mwa kisima." Akaifanya F isiwe na kazi yoyote. Ukitaka kufuta, ubonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, vilivyo mbalimbali kiasi cha kuuma mkono, kisha uandike neno "futa" kwa ukamilifu wake. Kitufe cha kiwandani cha F8 akakinyang'anya kazi. Alisema siku aliyokinyang'anya alikwenda nyumbani akala vizuri.

Akaondoa mistari yote ya kuchorwa. Akaacha upande mmoja badala ya pande mbili. Akapanga, kwa msaada wa Opereta, sauti isome namba ya kiwanja kwanza na yale maneno marefu yasisomwe kabisa asipoyaomba. Mwisho akaja kwenye safu. Folda za kompyuta zilikuwa zimefuata mashubaka ya ukutani, kila shubaka folda yake, basi akaipa kila safu kitufe chake. Alt na nne, halafu kumi na mbili, na uko safu ya nne, shubaka la kumi na mbili. Miezi saba ilimchukua. Vilikuwa vitufe arobaini na kimoja, na muda wote huo hakuna mtu ofisini aliyemuuliza anafanya nini mle ndani. Tulikuwa tukipita koridoni tunasikia ile sauti inayobwabwaja kwa kasi, tunatazamana, mmoja anasema, "Angalau ana cha kumchangamsha."

Kisha akaja bwana mmoja na dada yake, ambao jalada lao lilikuwa limepotea tangu mwaka juzi. Nilikuwa nimekwisha kuwarudisha mara tano. Siku hiyo nilikuwa nawarudisha mara ya sita, yule dada akaanza kupaza sauti, na Tarishi akapeleka habari mwisho wa korido pamoja na chai. Nikasikia fimbo inagonga sakafu. Bi Shubaka alikuwa hajafika dirishani tangu arudi kazini.

"Nipe namba," akaniambia.

"Kumi na sita sitini na nane. Lakini halipo, dada, nimetafuta—"

Akageuka, akaenda zake. Hazikupita dakika tatu akarudi. "Jalada lao liko safu ya tisa. Wameliingiza kama themanini na tisa tisini na moja. Aliyepiga picha alishika kibandiko juu chini. Sita na tisa hupinduka, na nane haimwambii mtu. Lile la karatasi nalo bila shaka amelirudisha hukohuko."

Nikaenda safu ya tisa. Lilikuwepo. Yule dada alilia, akataka kumbusu mkono.

Mkuu alifurahi kuliko wote. Tangu hapo kila mgeni aliyefika, wakaguzi, wakubwa wa makao makuu, wanafunzi, alipelekwa stoo. "Hebu waonyeshe, dada," Mkuu alikuwa akisema, na Bi Shubaka anatafuta jalada, wao wanapiga makofi. Walisimama wamebanana nyuma ya kiti chake, pumzi zao shingoni mwake. Mmoja alimuuliza Mkuu, "Na anasikia vizuri?" Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini pale hakuna aliyeuliza vimeundwaje. Wageni wakishaondoka, mlango unafungwa taratibu, na kazi hakuna. Jalada likipotea tulikuwa bado tunapekua sisi wenyewe, maana hakuna aliyetoa maagizo mengine.

Mara ya kumi na mbili alikataa. Wageni walikuwa wamekwisha kujipanga.

"Leo sionyeshi, Mkuu," alisema. "Leo naomba kazi. Nirudishieni meza yangu ya masjala."

Mkuu alicheka, akawaambia wageni kwamba Bi Shubaka ni mtu wa mzaha sana, akawatoa. Kisha akaniita ofisini kwake. Ofisi ya Mkuu na ile stoo zimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na mimi nilijua hivyo.

"Umesikia anachotaka," Mkuu akasema. "Meza ni yako sasa. Wewe unaonaje?"

Mtu akiulizwa swali kama hilo ana muda mfupi sana wa kuwa mtu mwema, na mimi muda huo niliutumia kufikiria dirisha, na mwanga wake, na jinsi watu wanavyokuamkia kwa heshima ukiketi pale. Nikasema, "Kwa usalama wake, Mkuu, abaki kule. Pale dirishani kuna msukumano." Hapakuwa na msukumano. Watu wetu huketi kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa.

Jioni alinikuta koridoni. Sikumwona hadi alipokuwa mbele yangu.

"Nilikusikia, mdogo wangu."

"Dada, mimi nili—"

"Sauti yako haijawahi kuwa ndogo," akasema. "Ndiyo maana nilikuchagua nikufundishe kazi ya dirishani." Akanipita.

Aliandika barua makao makuu, akaichapa mwenyewe, akaisaini mahali ambapo Tarishi alimwekea rula. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano: apewe kazi inayolingana na ujuzi wake bila kuhatarisha usalama wake. Mkuu aliisoma barua ile akaielewa kwa namna yake. Akamwekea simu ya mezani mle stoo, na akaagiza majalada yote yatafutwe na yeye. Basi sasa ana kazi ya watu watatu. Mimi peke yangu nampigia mara thelathini kwa siku. Anapokea kwa neno moja, "Masjala," ingawa kibao cha mlangoni mpaka leo kimeandikwa STOO. Namtajia namba, ananijibu, nakata.

Mara mbili alikwisha kuomba uhamisho kwenda hospitali, ambako kitengo cha kumbukumbu kilikuwa tayari kumpokea, Opereta amemsemea. Mara zote mbili Mkuu aliandika chini ya ombi: "Huduma yake haina mbadala." Kwanza walimfungia kwa kuwa hafai kitu, sasa wamemfungia kwa kuwa anafaa mno.

Mwaka huu, siku moja, nilimpigia saa tano hivi. Alinipa jalada, nami sijui kwa nini sikukata. Nikamuuliza, "Chai imekufikia, dada?"

"Imefika. Iko nje ya mlango."

"Mbona nje?"

"Kwa sababu mimi niko ndani, na kitasa kiko mkononi mwangu. Kimeng'oka tangu saa tatu."

"Saa tatu! Mbona hukusema?"

"Mmenipigia mara kumi na moja," akasema, bila hasira. "Wote mlitaka namba, nikawapa namba."

Nilikimbia. Kikombe kilikuwa sakafuni kimefunikwa na sahani. Tarishi alikuwa amegonga, ameona mlango haufunguki, akadhani kuna wageni, akaiacha hapo bila kungoja jibu. Nilisukuma kwa bega, wapi. Seremala aliitwa, ikamchukua dakika arobaini kufika, nami nikaketi chini koridoni, mgongo kwenye mlango. Nikaanza kusema yale niliyokuwa nimeyabeba miaka miwili. Nikamwambia habari ya msukumano, kwamba ulikuwa uongo, na habari ya siku ile ya saa nne hadi saa nane, kwamba watu walikuwa wamekwisha na mimi nilikuwa nimeketi tu, naogopa kuingia chumba kile nikamwona. Nikamwomba anisamehe. Kisha simu yake ikalia.

"Ngoja kidogo," akasema. Nikamsikia anainua mkono wa simu. "Masjala."

Hakunijibu siku ile, na sijamuuliza tena. Lakini wiki iliyofuata nilimwendea saa ya mapumziko, nikamwomba anifundishe vile vitufe.

"Zima skrini," akaniambia. "Ukitazama utanichelewesha."

Tumefanya hivyo kila siku kwa miezi minne, mimi kwenye kiti chake, yeye amesimama nyuma. Mwanzoni nilipotea kila baada ya hatua mbili, jasho likanitoka, nikatamani kuiwasha skrini kama mtu anayetamani maji. Alikuwa ananiacha. Sasa najua vitufe thelathini na sita, na safu zote naziendea bila kukosea. Sina kichwa chake, namba zilizopinduka sizijui kwa kunusa kama yeye. Lakini mtu akitaja kiwanja, nalipata jalada lake kabla hajamaliza kukunja risiti yake.

Juzi ameandika ombi la tatu la uhamisho. Barua zote za ofisi hupita dirishani kwangu kugongwa mhuri, kwa hiyo nililiona. Nikaambatanisha barua yangu mimi kwa makao makuu. Nimeeleza nani alisema nini ofisini kwa Mkuu siku ile, na kwamba mbadala wake sasa yupo, na kwamba niko tayari kuhamia stoo wiki hiihii, meza ya dirishani wampe wanayemtaka. Kabla ya kuifunga bahasha nilimsomea.

"Vitufe vitano bado," akasema. "Na kimojawapo ni kile cha kufuta. Usijipeleke haraka."

"Nipeleke barua au nisipeleke?"

Alinyoosha mkono, akaipapasa bahasha ukingoni hadi akahakikisha gundi imeshika. "Mpe Tarishi," akasema, "aondoke nayo kabla ya saa sita, posta wasije wakafunga."

Majibu bado hayajaja. Opereta anapiga kila asubuhi kuuliza.